Barua ya wazi: Alama yetu imo kwenye daftari lenu, ilindeni

Kwa Msajili wa Alama za Biashara; kwa wakuu wa forodha na wa polisi wanaoshughulikia bidhaa bandia; kwa majaji na mahakimu wa mashauri ya biashara; na kwa wenye masoko ya mtandaoni.

Waheshimiwa,

Ninapoandika barua hii kuna kitu kimoja kiko mbele yangu mezani. Ni ekstensheni ya umeme yenye matundu manne, nyeupe. Tundu la pili limegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imechuruzika kama nta ya mshumaa. Mgongoni ipo nembo yetu, jina la herufi sita na mstari wa mshazari chini yake. Aliyeileta karakanani ni mama mmoja mtu mzima. Hakuja kwa kelele. Aliitoa kwenye gazeti alilokuwa ameifungia, akaiweka juu ya benchi la kazi na kuniuliza, "Mwanangu, hiki ni cha kwenu?"

Sikuweza kumjibu palepale. Jina ni letu, rangi ni yetu, hata umbali kati ya herufi na herufi ni uleule. Ikabidi nichukue bisibisi niifungue. Waya za ndani zilikuwa nyembamba, nusu ya zile tunazotumia sisi. Vile vibanio vinavyoshika miguu ya plagi vilikuwa vinang'aa kama shaba, ila nilipovisogezea sumaku vikanasa. Shaba haivutwi na sumaku. Hilo lilikuwa bati la chuma lililopakwa rangi. Kibanio cha namna hiyo kikipata moto mara kadhaa kinalegea, plagi inaanza kuchezacheza, na pale inapocheza ndipo joto linapozidi mpaka plastiki inayeyuka.

Nikamwambia, "Jina ni letu, mama, lakini kazi si yetu." Akanitazama kwa muda. "Sasa mimi nitajuaje?"

Swali hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika. Alama ya biashara imewekwa kwa ajili ya kulijibu. Mnunuzi hawezi kufungua ekstensheni kwa bisibisi kabla hajalipa, wala hatembei na sumaku mfukoni. Anachoweza ni kutazama nembo, kukumbuka kwamba ile aliyonunua miaka mitatu iliyopita bado inafanya kazi, na kuamini kwamba mikono iliyotengeneza ile ndiyo iliyotengeneza na hii. Akidanganywa hapo, hana pengine pa kushika. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kesi za nembo ni ugomvi wa wafanyabiashara wawili, wamalizane wenyewe, nabaki nimeduwaa. Nyumba inayoungua si ya yeyote kati ya hao wawili.

Zamani, kabla ya kuwapo daftari la usajili, mwenye alama aliyeigwa alilazimika kwenda mahakamani na kuanza mwanzo kila safari: athibitishe kwamba ameitumia alama kwa muda mrefu, kwamba watu wanaijua, kwamba wakiiona wanamfikiria yeye. Akishinda leo, kesho akiigwa na mwingine anaanza tena. Uingereza walipotunga sheria ya usajili mwaka 1875, na daftari likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876, alama ya kwanza kuandikwa ikawa pembetatu nyekundu ya kampuni ya bia ya Bass. Lengo lilikuwa kumtua mwenye alama mzigo huo. Akishaandikwa, daftari lenyewe linakuwa shahidi wake. Nayataja ya karne na nusu iliyopita kwa sababu mimi, mwenye hati yenye muhuri wenu, nimehangaishwa kana kwamba daftari hilo halijawahi kubuniwa.

Nilianzia polisi. Ofisa aliyenipokea alikuwa na adabu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nilete ushahidi kwamba alama ni yangu. Nikampa hati. Akasema hati pekee haitoshi, inatakiwa barua ya ofisi ya usajili kuthibitisha kwamba hati ni halali. Ofisi ya usajili nayo ikaeleza kwamba barua hiyo hutolewa kwa maombi rasmi na ada. Nikaomba, nikalipa, nikasubiri. Niliporudi nayo polisi, ule mzigo tuliokuwa tumeuona kwenye ghala ulikuwa umeshahamishwa. Nikaenda forodha. Wakaniuliza ni meli gani, kontena namba ngapi, linafika lini. Mambo hayo anayajua anayeingiza mzigo, si anayeibiwa jina. Mahakamani, wakili wangu aliomba zuio la muda. Shauri likaahirishwa kwa sababu upande wa pili haukuwa umepokea wito, na wito haukupokelewa kwa sababu anwani waliyoiandika kwenye karatasi zao haipo. Likaahirishwa tena. Muda wote huo ekstensheni zile zikawa zinauzwa mchana kweupe.

Sitaji ofisi wala mtu, na sikusudii kumchongea yeyote. Karibu kila niliyekutana naye alifuata utaratibu aliokabidhiwa. Ninaoulalamikia ni utaratibu wenyewe, unaompa mwenye haki kazi ya upelelezi, ya utarishi na ya uwakili, halafu ukampa mwigaji kitu kimoja tu anachokihitaji, yaani muda.

Wala siombi jambo geni. Mkataba wa TRIPS, yaani makubaliano ya kimataifa kuhusu haki za miliki bunifu katika biashara, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995 na unaozibana nchi zilizo wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, ingawa zile maskini zaidi zimeongezewa muda wa kuutekeleza, unasema katika Kifungu cha 41 kwamba taratibu za kulinda haki hizi zisiwe ngumu wala ghali pasipo sababu, na zisiwe na ucheleweshaji usio na msingi. Kifungu cha 50 kinataka mahakama ziwe na uwezo wa kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa, pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta hasara isiyofidika au ushahidi unaweza kupotezwa. Anayeomba amri hiyo anaweza kutakiwa aweke dhamana, ili ikibainika amemwonea mwenzake, alipe. Mizani imeshawekwa, na iko pande zote mbili. Waheshimiwa majaji, ombi langu kwenu ni dogo: maombi ya zuio dhidi ya bidhaa bandia yasipangwe foleni moja na mashauri yanayoweza kungoja mwaka mzima. Mzigo bandia hauna subira hiyo. Ukikaa wiki mbili umeshaisha.

Mheshimiwa Msajili, kwako nina maneno mengi zaidi, maana mlango wa kwanza ni wako.

Ekstensheni, plagi na soketi ziko daraja la 9 katika Uainishaji wa Nice, orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa na huduma zinazoombewa alama, ile ya madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Taa na balbu ziko daraja la 11. Mtu mmoja aliomba kusajili jina letu akiwa amebadilisha herufi ya mwisho tu, kwa ajili ya balbu. Ofisi ikapekua daraja la 11, ikakuta hakuna jina la kufanana, ikalipitisha. Leo balbu zake na ekstensheni zetu zinakaa rafu moja, na fundi umeme anayenunua vyote viwili kwa safari moja hana sababu hata moja ya kudhani kwamba vinatoka mikono tofauti.

Madaraja yale yalitokana na makubaliano ya 1957 ya kurahisisha kazi za ofisi: kupanga maombi, kupekua, kutoza ada. Hayakuwekwa ili yaamue kitu gani kinafanana na kipi sokoni. Mkataba wa Sheria ya Alama za Biashara wa 1994 unalisema jambo hili waziwazi katika Kifungu cha 9: bidhaa zisihesabiwe kuwa zinafanana kwa sababu tu ziko daraja moja, wala zisihesabiwe kuwa hazifanani kwa sababu tu ziko madaraja tofauti. Swali la kuuliza ni lile la mnunuzi. Nani anakinunua kitu hiki, anakinunulia wapi, anakitumia pamoja na nini? Mkaguzi akijiuliza hivyo, hataishia kwenye namba ya daraja.

Najua nitakachojibiwa. Kwamba ombi lile lilitangazwa kwenye jarida, dirisha la pingamizi likafunguliwa, na mimi sikupinga. Ni kweli, sikupinga. Karakana yetu ina watu saba na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kusoma jarida la alama za biashara. Kampuni kubwa huajiri watu wa kulisoma kwa niaba yao. Sisi wadogo tunakuja kujua pale mteja anapotuletea kitu cha mtu mwingine akidhani ni chetu, na kufikia hapo dirisha limeshafungwa. Marekani lina siku 30, Uingereza miezi 2, Umoja wa Ulaya miezi 3. Popote ulipo, muda huo hauwi mrefu kwa mtu asiyejua kwamba umeanza kuhesabiwa.

Dawa yake ipo na haina gharama kubwa. Mkaguzi anapopekua daftari, kompyuta humwonyesha majina yaliyo karibu na lile linaloombwa. Basi ujumbe utumwe palepale kwa wenye majina hayo: fulani ameomba alama hii, una mpaka tarehe hii kupinga. Ofisi ya Uingereza huwajulisha wenye alama za awali kwa namna hiyo. Anwani zetu mnazo. Mnazitumia vizuri sana kutukumbusha ada ya kuhuisha usajili inapokaribia, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Naomba zitumike na hapa.

Liko jingine, na hili liliniuma kuliko yote. Tulikuwa na msambazaji nje ya nchi. Tulifanya naye kazi vizuri, tulimwamini, alikuwa akija anakula na watoto wetu. Kumbe kule kwake alikwenda kusajili alama yetu kwa jina lake mwenyewe. Tulikuja kugundua siku tulipopeleka mzigo kwa mtu mwingine, ukazuiwa mpakani kwa kosa la kuingilia alama ya biashara. Alama ile ni yetu, tuliichora wenyewe kwa penseli usiku mmoja mimi na mke wangu.

Hapa nakubali kosa letu. Tulisajili nyumbani tukadhani tumemaliza, wakati alama hulindwa pale tu iliposajiliwa. Mkataba wa Paris wa 1883 unampa aliyeomba usajili katika nchi moja miezi 6 ya kuomba katika nchi nyingine na bado ahesabiwe kwa tarehe yake ya kwanza. Mfumo wa Madrid wa usajili wa kimataifa unamruhusu kutuma ombi moja, kwa lugha moja, likafika nchi nyingi, ingawa kila nchi inabaki na uamuzi wake wa kukubali au kukataa. Hatukujua lolote kati ya hayo mawili. Hakuna aliyetuambia siku tunakabidhiwa hati. Karatasi moja ya maelezo, yenye maneno ya kawaida, ikiambatanishwa na kila hati mpya, ingetuokolea miaka.

Lakini ujinga wetu haumpi wakala haki ya kujimilikisha. Mkataba huohuo wa Paris, katika kifungu cha 6 septies kilichoongezwa Lisbon mwaka 1958, unasema wakala au mwakilishi akisajili alama ya mwenye mali bila ruhusa yake, mwenye mali anaweza kupinga, kuomba usajili ufutwe, au, sheria ya nchi ikiruhusu, ahamishiwe yeye, isipokuwa wakala awe na sababu ya kutetea alichofanya. Miaka zaidi ya 60 kifungu hicho kipo. Naomba wasajili wote waongeze swali moja kwenye fomu ya maombi, na mwombaji alijibu kwa kiapo: je, unauza au umewahi kuuza bidhaa za mtu mwingine anayetumia alama hii? Mwaminifu hatapungukiwa kitu kwa kulijibu. Asiye mwaminifu ataacha saini yake mahali ambapo jaji anaweza kuiona.

Wakuu wa forodha, namba yangu ya usajili iko kwenye kompyuta za serikali ileile inayowalipa ninyi mishahara. Kwa nini nitembee nayo mkononi kutoka jengo moja hadi jingine? Kifungu cha 51 cha TRIPS kinampa mwenye alama nafasi ya kuomba mzigo unaoshukiwa uzuiwe usitoke. Kifungu cha 55 kinaweka muda wa siku 10 za kazi, zinazoweza kuongezwa nyingine 10, ili shauri lifunguliwe. Siku hizo zinatosha kabisa kama ofisa aliyeko mpakani anajua anatafuta nini. Kwa hiyo alama ikisajiliwa, taarifa zake zifike forodha zenyewe, pamoja na picha ya bidhaa halisi na jina la mtu wa kupigiwa simu. Sisi tuko tayari kuja kuwaonyesha maofisa wenu kwa siku nzima bila malipo: waya ya kweli na ya uongo, shaba na bati, herufi iliyokaa sawa na iliyopinda. Ofisa aliyewahi kushika vyote viwili mikononi hadanganyiki kirahisi. Na msiangalie makontena peke yake, maana siku hizi bidhaa bandia husafiri kwenye vifurushi vidogo vya posta, kimoja kimoja. Shirika la OECD, la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, na ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya walikadiria kwamba mwaka 2019 bidhaa bandia zilifikia hadi asilimia 2.5 ya biashara yote ya kimataifa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nikilikumbuka usiku usingizi unakatika.

Mara moja, baada ya kuhangaika kote huko, mzigo ulikamatwa. Maboksi kwa maboksi ya ekstensheni zenye nembo yetu. Nilifurahi, sikufichi. Nikapiga simu nyumbani kutoa habari. Miezi ikapita. Nilipofuatilia nikaambiwa suala limeshamalizwa: vijana walikaa na msasa wakaikwangua nembo kwenye kila moja, kisha mzigo ukapigwa mnada. Alama yako haimo tena, nikaambiwa, kwa hiyo huna tena malalamiko.

Waheshimiwa, naomba mlitafakari hilo pamoja nami. Bati lililopakwa rangi ya shaba lilibaki ndani. Waya nyembamba zilibaki ndani. Kitu kilichoondolewa ni jina, yaani njia pekee ambayo mtu aliyeunguzwa angeweza kuitumia kuuliza nani amemfanyia hivi. Ekstensheni zile ziliingia majumbani mwa watu kwa mkono wa serikali, na mimi ndiye niliyezisababisha zikamatwe. Wala si mimi tu ninayeona kwamba haikuwa sawa. Kifungu cha 46 cha TRIPS kinasema kwamba kwa bidhaa zenye alama bandia, kuondoa tu alama iliyobandikwa kinyume cha sheria hakutoshi kuziruhusu zirudi sokoni, ila katika hali za pekee. Kifungu cha 59 kinazuia zisirudishwe zilikotoka jinsi zilivyo, ila katika hali za pekee vilevile, maana zingekwenda kumwunguza mtu wa mpaka mwingine. Ziharibiwe. Zisagwe, plastiki iyeyushwe, bati liuzwe chuma chakavu, mbele ya shahidi na kwa orodha iliyosainiwa. Nami niitwe nione. Gharama ya kuharibu idaiwe kwa mwingizaji, na akikimbia niko tayari kuchangia.

Na kabla hamjamwachia aliyekutwa na mzigo kwa faini, mwulizeni aliutoa wapi. Kifungu cha 47 kinaziruhusu nchi kuzipa mahakama zao uwezo wa kumwamuru mkosaji awataje waliohusika kutengeneza na kusambaza. Anayekamatwa mara nyingi ni kijana wa kibanda aliyepewa maboksi mawili auze. Yeye akilipa faini, mwenye kiwanda hajui hata kwamba kuna kesi.

Kwa wenye masoko ya mtandaoni sina maneno mengi. Picha mnazozitumia kuuzia ekstensheni bandia nilizipiga mimi, juu ya benchi langu. Alama ya kuungua ya soldaringi inaonekana kwenye kona. Nikiripoti, tangazo linaondolewa, na kesho yake muuzaji yuleyule yupo kwa jina jipya, picha ileile. Mjueni muuzaji kwa kitambulisho na kwa akaunti ya benki kabla hajauza, na picha iliyokwisha kuondolewa isikubalike tena kupandishwa. Pia sikilizeni pande zote kabla ya kukata. Yule mwenye balbu aliwahi kutuma kwenu cheti chake cha daraja la 11, na siku hiyohiyo mkafuta matangazo yetu halali. Ilituchukua majuma kuyarudisha, na hatukupata mtu wa kuzungumza naye, tulikuwa tunajibiwa na mashine.

Naomba nisieleweke vibaya. Siwaombi mnipe rungu la kumpigia kila mtu. Fundi anayeandika kwamba anatengeneza ekstensheni zetu zilizoharibika ana haki ya kulitaja jina letu, maana atasemaje bila kulitaja? Muuzaji aliyenunua mzigo wetu halisi na anauuza tena jinsi ulivyo hatunyang'anyi kitu. Mshindani anayesema vibanio vyake ni vinene kuliko vyetu, ikiwa ni kweli, aseme. Nasi tutaongeza unene. Kifungu cha 17 cha TRIPS kinaruhusu matumizi ya haki ya maneno ya kuelezea bidhaa, na Kifungu cha 48 kinataka anayetumia vibaya taratibu hizi amfidie aliyeonewa. Naviunga mkono vyote viwili. Wasemaji wa Kiswahili tunakumbuka tulivyojisikia mwaka 2018, habari ziliposambaa kwamba Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Usajili ule haumzuii mtu kutamka maneno hayo, lakini watu walitia saini za kuupinga kwa wingi, na nawaelewa. Neno la wote lisifungiwe ndani ya hati ya mtu mmoja. Ninachodai mimi ni jina ambalo halikuwapo mpaka tulipoliunda sisi.

Na wanaoniambia nipuuze, niendelee na kazi, soko litachuja lenyewe, wajue kwamba sheria haimruhusu mwenye alama kupuuza. Katika Umoja wa Ulaya, ukiiacha kwa kujua alama ya baadaye iliyosajiliwa itumike miaka 5 mfululizo, unapoteza haki ya kuipinga, labda kama aliyeisajili alikuwa na nia mbaya. Neno "aspirin" lilikuwa mali ya kampuni ya dawa ya Bayer, na mahakama ya Marekani mwaka 1921 ikaona kwamba kwa umma limeshakuwa jina la dawa yenyewe. "Escalator", la ngazi za umeme zinazojiendesha, nalo likapotea hukohuko mwaka 1950. Kunyamaza kunahesabiwa. Ndiyo maana sinyamazi, na ndiyo maana inaniumiza kuambiwa kwamba nina haraka.

Yule mama nilimpa ekstensheni nyingine. Nilimfungulia mbele yake aone ndani, nikampitishia sumaku juu ya vibanio, ikateleza bila kunasa. Nikamwonyesha herufi ya tatu ya jina letu, ambayo waigaji wanaikosea mguu. Alisikiliza kwa makini, akaifunga kwenye lile gazeti. Alipofika mlangoni akageuka. "Na wakijifunza kuipatia hiyo herufi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Jibu liko kwenye ofisi zenu.

Ile iliyoungua aliniachia. Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni na kuandika juu yake tarehe aliyoileta. Yeyote kati yenu atakayenipangia siku na saa, nitaileta pamoja na hati yangu, bisibisi na sumaku, nimfungulie aione.

Wenu katika kazi,

Mtengenezaji wa vifaa vya umeme, mwenye alama iliyosajiliwa daraja la 9